Shajara ya mradi: kiwanja kilichopakana na tanuri la zamani la risasi

8 Januari. Mipaka na lengo

Kiwanja ni mita 60 kwa 40. Upande wa kaskazini kimegusana na ukuta wa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kiwanda kimefungwa, mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu, na kilichobaki ni bomba la moshi, sakafu ya zege iliyopasuka na lundo la makapi ya tanuri nyuma ya ukuta. Upande wa kusini kuna nyumba. Katikati ndipo watoto wanapocheza.

Lengo letu ni dogo makusudi: mtoto acheze pale bila kumeza risasi. Kuondoa risasi yote ardhini si kazi ya kikundi kama chetu, na hata wenye fedha hawaifanyi.

Ilibidi kwanza tukubaliane nambari. Marekani ilitumia miligramu 400 kwa kilo ya udongo kwa miaka mingi kama kiwango cha kuanza kushughulikia makazi, kisha Januari 2024 ikashusha hadi 200, na kwa wakati huo 100 pale ambapo risasi inatoka pia sehemu nyingine kama rangi za zamani au mabomba ya maji. California inatumia 80. Kwenye usafishaji wa Bunker Hill, eneo la mgodi na tanuri la risasi huko Idaho, Marekani, udongo wa nyumba uliopita 1,000 ndio uliochimbwa na kubadilishwa. Tumechukua ngazi tatu: chini ya 200 hatugusi, 200 hadi 1,000 tunafunika, zaidi ya 1,000 tunachimba. Kuna waliotaka tushuke hadi 80 kote. Kwa bajeti yetu hilo lingemaanisha kufanya robo ya kiwanja vizuri na kuiacha robo tatu kama ilivyo.

Tumegawa kiwanja kwa miraba ya mita 5, tukapiga vigingi na kuvipa nambari. Damu za watoto zinapimwa na watu wa afya, na matokeo yao hayaingii kwenye shajara hii.

25 Januari. Mashine ilitudanganya kwa sababu tulipima matope

Tumekodi kipimaji cha eksirei cha mkononi, kile kinachofanana na drili: unakigusisha kwenye udongo, unabonyeza, baada ya dakika moja kinakupa orodha ya metali. Siku ya kwanza tulipita mraba kwa mraba, tukarudi na ramani nzuri sana. Ramani hiyo tumeitupa.

Tatizo lilikuwa maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wenye unyevu unaozidi asilimia 20 hivi hushusha usomaji, maana maji yanachukua nafasi ya udongo mbele ya mashine na kumeza sehemu ya eksirei. Mraba wa C4 ulisoma 640 ukiwa mbichi. Udongo uleule, ulipokaushwa na kuchekechwa, ukasoma 1,010. Kwa kanuni zetu wenyewe hiyo ni tofauti ya kufunika na kuchimba.

Kwa hiyo sasa hatupimi chini moja kwa moja isipokuwa kutafuta mahali pa kuanzia. Kila mraba unatoa vijiko kutoka sehemu tano, vinachanganywa kwenye ndoo moja, vinakaushwa, vinapitishwa kwenye chekeche la mikromita 150, ndipo mashine inaguswa. Matundu ya chekeche hilo ni madogo kuliko ya lile la 250 lililozoeleka zamani. Sababu yake iko mikononi mwa mtoto: chembe ndogo ndizo zinazonata kwenye vidole na kuingia mdomoni, na ndizo zinazobeba risasi nyingi zaidi.

Kukausha nako kulituletea yake. Tulipanga masinia barazani, kwenye upepo. Kwa bahati mmoja wetu alikuwa ameweka sinia la mchanga safi katikati kama shahidi. Jioni mchanga ule ulikuwa na risasi, kidogo, lakini ilikuwepo, na asubuhi haikuwepo. Vumbi la sinia moja lilikuwa linahamia jingine. Tumehamishia masinia ndani, kila moja limefunikwa karatasi, na sinia la mchanga linabaki kila mara. Anayeiga kazi hii aanze na sinia hilo kabla hata ya kukodi mashine.

Jambo la tatu ni aseniki. Mashine ilionyesha aseniki nyingi mahali palepale penye risasi nyingi, na kikundi kikaanza kuhamanika. Kwenye eksirei, mstari mkuu wa aseniki uko kwenye 10.54 na wa risasi kwenye 10.55, kwa vipimo vya kiloelektroni-volti. Mashine haiwezi kuwatenganisha vizuri hawa wawili, na risasi ikizidi inaibuka aseniki ya uongo, au ya kweli inafichika. Aseniki haikuwa jambo la kupuuza, maana risasi ya betri za zamani ilichanganywa na antimoni na aseniki ili bamba liwe gumu. Ila jibu lake litatoka maabara, si kwenye skrini ya mashine.

13 Februari. Maabara, na maneno ya mzee

Sampuli zimerudi. Tulipeleka chache tu, moja kwa kila kumi, pamoja na sampuli pacha zilizofichwa nambari na kichupa cha udongo wa marejeo namba 2711a wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ule wa Montana wenye risasi 1,400 inayojulikana. Maabara ya kwanza ilirudisha udongo huo wa marejeo ikiwa imepungukiwa karibu theluthi. Tukauliza wametumia tindikali gani kuuyeyusha, jibu likawa la kuzungukazunguka, tukahama. Ya pili imeupata ndani ya asilimia 5, na matokeo yake yanaoana na mashine yetu vizuri kiasi kwamba sasa tunaiamini kwa risasi na zinki. Aseniki ipo kweli, lakini ni sehemu ndogo ya kile mashine ilichodai.

Maabara imemeza karibu nusu ya fedha zote za hatua ya vipimo. Sijutii.

Kilichotusumbua ni ramani mpya. Tulitegemea risasi iwe nyingi karibu na bomba la moshi na kupungua kadiri unavyokwenda, ikivutwa kuelekea upepo unakoelekea. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Lakini pembe ya kusini-magharibi, mbali na bomba na kinyume cha upepo, miraba minne ilisoma zaidi ya 3,000. Tulipima tena, tukapata yaleyale.

Alikuja mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye tanuri. Tukamwamkia, akaitikia, akatazama vigingi kwa muda, kisha akasema: "Wanangu, nyinyi mnafuata moshi. Betri zilikuwa zinapasuliwa huku." Akatuonyesha kwa fimbo mahali ambapo malori yalishusha mzigo, watu wakazipasua kwa shoka, tindikali ikamwagwa chini na maganda ya plastiki yakasukumwa pembeni. Tulichimbua kidogo kwa koleo: chini ya nyasi kulikuwa na vipande vyeusi vya plastiki ngumu, vyenye utando wa kijivu kwa ndani. Utando ule ni risasi na salfati yake. Hapo pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ilikuwa 4.3, wakati kiwanja kilichobaki ni 5.6 hivi.

Hakuna hesabu ya upepo ingeyapata hayo. Kama mahali penu bado pana mtu aliyefanya kazi ndani, mkalisheni na ramani kabla ya kupiga kigingi cha kwanza.

2 Machi. Kina

Fupi: tulichimba vishimo kumi na viwili na kupima kila sentimita 5. Pale ambapo ardhi haijawahi kulimwa, karibu risasi yote imekaa kwenye sentimita 10 za juu. Risasi hung'ang'ania mboji, udongo wa mfinyanzi na oksidi za chuma, haishuki haraka hata miaka ikipita. Palipowahi kuwa na bustani, imechanganywa hadi kina cha jembe, sentimita 25. Kwenye pembe ya betri tindikali imeipeleka hadi 40. Tutachimba sentimita 30 kwa ujumla, na pembe hiyo hadi tufike chini yake.

18 Aprili. Vitalu vya majaribio: fosfati, chokaa, mboji, alizeti

Tuliweka vitalu hivi tukitumaini kuokoa gharama ya kuchimba.

Nianze na alizeti, maana kila mkutano lazima mtu aiulizie. Chukua hekta moja, udongo wa sentimita 20 za juu: ni tani 2,600 hivi. Ukiwa na risasi 1,000 kwa kilo, hapo kuna kilo 2,600 za risasi. Mmea mzuri unatoa tani 10 za majani na mashina makavu kwa hekta, na kwa kuwa risasi hubaki mizizini, ukipata miligramu 50 kwa kilo kwenye majani umefanya vizuri. Hiyo ni nusu kilo ya risasi kwa mavuno. Ili kufika 200 unahitaji kuvuna zaidi ya mara 4,000. Wapo waliomwaga EDTA, kemikali inayoshika metali, ili risasi iyeyuke na mmea uinywe, na sehemu kubwa ya risasi iliyoyeyuka ikashuka kuelekea maji ya ardhini. Kwa zinki na kadimiamu kuna mimea inayovuta kwelikweli, kama Noccaea caerulescens, na kwa aseniki jimbi Pteris vittata. Risasi bado. Alizeti zetu zilichanua vizuri na udongo haukubadilika hata kidogo. Majani tumeyatupa pamoja na taka, si kwa mbuzi.

Fosfati ilikuwa na hoja zaidi. Risasi ikikutana na fosfati na kloridi huunda piromofaiti, madini yanayoyeyuka kwa shida mno hata tumboni. Huko Joplin, Missouri, penye historia ndefu ya kuyeyusha risasi na zinki, walijaribu asidi ya fosforasi kwa kiwango cha asilimia 1 ya fosforasi, na risasi inayoweza kufyonzwa ilishuka. Sisi tulitumia TSP, mbolea ya fosfati ya dukani. Fanya hesabu kabla ya kununua: mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 10 ni kilo 130 za udongo, asilimia 1 yake ni kilo 1.3 za fosforasi, na TSP ina asilimia 20 tu. Ni kilo 6.5 za mbolea kwa kila mita ya mraba. Mkulima akikuona atadhani umerukwa na akili.

Baada ya wiki sita tulipima kwa mashine, namba ikawa ileile, na wengine wakatangaza kuwa jaribio limeshindwa. Halikuwa limeshindwa kwa sababu hiyo. Fosfati haiondoi risasi, inabadilisha umbo lake, na eksirei haioni umbo. Kipimo kinachofaa ni kile kinachoiga tumbo: udongo unatikiswa kwenye glisini yenye pH 1.5, nyuzi joto 37, kwa saa moja, kisha unapima kilichoyeyuka. Tulipeleka sampuli. Kabla ya fosfati, karibu robo tatu ya risasi iliyeyuka. Baada yake, kama asilimia 60.

Ni hatua mbele, lakini tumeiacha, kwa mambo mawili. La kwanza ni aseniki: fosfati hugombania nafasi ileile kwenye chembe za udongo na kuisukuma aseniki nje, na maji yaliyochuruzika chini ya kitalu yalionyesha hivyo. La pili ni mfereji ulio chini ya kiwanja. Fosforasi nyingi namna ile ikisombwa na mvua inageuza maji kuwa supu ya mwani. Sehemu isiyo na aseniki na isiyo na mteremko ingekuwa na hukumu tofauti.

Chokaa ilipandisha pH hadi 6.8, kadimiamu na zinki zikatulia kwenye mimea. Mboji ndiyo iliyonifurahisha. Ilishusha kidogo tu kile kinachoyeyuka, lakini nyasi zilishika, na mahali penye nyasi nene hapatoi vumbi. Tumeichagua kwa miraba yote ya ngazi ya kati: sentimita 15 za udongo safi uliochanganywa na mboji, juu yake nyasi.

30 Mei. Kuchimba

Eneo la kuchimbwa lilifika mita za mraba 300. Kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 90, na shimo la kuhifadhia, kwenye sakafu ya zege ya kiwanda, lilipangwa kwa hizo 90. Udongo uliochimbwa hufura. Wetu ulifura kwa robo, ukawa zaidi ya 110, na ule wa pembe ya betri ukaongezeka juu yake. Siku mbili kazi ilisimama huku lundo limekaa chini ya maturubai yasiyotosha, tukiinua kingo za shimo kwa matofali. Waliochimba walilipwa siku hizo, na ndiyo gharama iliyotuuma kuliko zote kwa sababu haikununua chochote.

Hifadhi yenyewe: zege iliyozibwa nyufa, plastiki nene chini na juu, mfinyanzi ulioshindiliwa, mteremko wa kumwaga maji mbali. Kabla ya kufunga tulipima kiasi gani cha risasi kinachuruzika. Udongo wa kawaida ulipita chini ya miligramu 5 kwa lita. Ule wenye maganda ya betri haukupita, ukachanganywa na saruji kwanza.

Vumbi lilidhibitiwa kwa maji ya mnyunyizo, si ya mpira wa kumwaga, maana tope linaloondoka na buti ni vumbi la kesho. Barakoa za P100, zile za kuchuja vumbi laini, ovaroli zinabaki kiwanjani, hakuna anayekula kabla ya kunawa. Mambo ya kawaida, ila ovaroli zilileta ubishi: wengine walitaka kwenda kuzifulia nyumbani. Hapana. Ndiyo njia ambayo wafanyakazi wa viwanda hivi walikuwa wakiwapelekea watoto wao risasi.

Udongo wa kujazia ulioletwa kwanza ulionekana mzuri, mweusi, laini. Tukaupima ukiwa bado kwenye lori: 170, na vipande vya rangi ya ukuta ndani yake. Ulitoka kwenye ubomoaji. Lori likageuzwa, dereva akanuna. Tangu hapo tunapima udongo kule unakochimbwa, kabla haujapakiwa.

Chini ya udongo mpya tumetandika kitambaa cha jiotekstaili cha rangi ya chungwa. Hakizuii risasi kupanda, haipandi hata hivyo. Kazi yake ni kumwambia atakayechimba shimo la nguzo miaka kumi ijayo kwamba amefika pasipofaa.

21 Julai. Imerudi

Tulipima uso wa udongo mpya, sentimita 1 ya juu tu. Karibu kote ni chini ya 40. Pembe ya kaskazini-mashariki ni 310.

Mawazo ya kwanza yalikuwa kwamba tulichimba vibaya. Tukafukua: chini ya sentimita 1 hiyo udongo ulikuwa safi kabisa, hadi kwenye kitambaa. Kwa hiyo ilitoka juu. Tukafuata alama za maji, zikatufikisha kwenye tundu chini ya ukuta, ukubwa wa kiganja, ambapo mvua ilikuwa inapitisha tope kutoka kwenye lundo la makapi ya tanuri. Lundo hilo tulilijua tangu Januari. Tuliliacha kwa sababu liko ng'ambo ya mpaka wa mradi, kwenye ardhi ya mtu mwingine ambaye barua zetu hazijibu.

Haya yameonekana mahali pakubwa kuliko hapa. Kabwe, Zambia, palipochimbwa na kuyeyushwa risasi na zinki kuanzia 1902 hadi 1994, udongo wa nyumba za watu umebadilishwa huku malundo ya taka za mgodi yakiwa bado wazi kwa upepo. Mpangilio wa kazi unapaswa kuanzia kwenye chanzo na kuja kwenye uwanja. Sisi tulianza na uwanja kwa sababu ndio tulioruhusiwa kuugusa, na ruhusa si sababu ya kitaalamu.

Tulichofanya: tundu limezibwa kwa zege, mfereji umechimbwa kando ya ukuta na kuelekezwa kwenye shimo la kutulizia tope, na sentimita 3 za juu za pembe ile zimekwanguliwa na kubadilishwa. Lundo lenyewe, baada ya mwenye ardhi kupigiwa simu na watu anaowajibu, ametukubalia tulifunike kwa turubai zito na mfinyanzi. Hatujaruhusiwa kulihamisha.

Paa za nyumba pia zilituponyoka. Vumbi la miaka ya tanuri limekaa darini na kwenye mifereji ya mabati, na kila mvua inashusha kidogo kwenye mstari wa matone. Mistari hiyo ilisoma 400 hadi 700 hata mbele ya nyumba zilizo mbali. Mifereji imesafishwa ikiwa imeloweshwa, tope limeenda kwenye hifadhi, na chini ya matone tumeweka kokoto juu ya kitambaa. Dari hatukuzigusa. Kufagia dari bila vifaa vya kufyonza vumbi vyenye vichujio vya HEPA ni kuishushia familia nzima kile kilichokuwa kimetulia.

9 Septemba. Tulipo

Uso wa kiwanja, miraba yote: chini ya 60, isipokuwa pembe ya kaskazini-mashariki ambayo ni 85. Nyasi zimeshika sehemu kubwa, ila mbele ya magoli hazishiki na hazitashika, watoto wanakanyaga mno. Hapo tumeweka mchanga mnene wa kubadilisha kila mwaka, na mtu ametajwa kwa jina kwenye daftari la kikundi kuwa ndiye mwenye jukumu.

Fedha ziligawanyika hivi kwa makadirio: karibu nusu kuchimba, kusomba na kujazia, robo vipimo, na iliyobaki hifadhi, mifereji na mavazi ya kazi. Kama lundo lingefunikwa mwanzoni, kukwangua kwa Julai kusingekuwepo.

Yanayosubiri: darini, pindi tutakapopata kifyonza vumbi cha kuazima; hati ya hifadhi ya udongo iandikwe kwenye kumbukumbu za ardhi ili mnunuzi wa baadaye aione; na kipimo cha tope kwenye shimo la kutulizia, litakapojaa. Pembe ya kaskazini-mashariki inapimwa kila baada ya mvua kubwa, sentimita 1 ya juu, ikiwa imekaushwa.